Miche ya Nyuma ya Ghala

Profesa hakuwa profesa. Shule aliiacha darasa la sita, na koti lake jeupe alilirithi kwa muuza nyama mmoja aliyehama mtaa bila kuaga. Lakini masikio alikuwa nayo.

Asubuhi moja alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, redio ikatangaza kwamba ofisi ya misitu inatafuta watu wa kupanda mti wa kokwa, ule wa asili, uliokuwa umejaa hapa kabla mji haujajengwa. Watakaopanda, kokwa zao zote zitanunuliwa.

Kinyozi akazima mashine. "Mti wenyewe ukoje?"

Waliokuwa kwenye benchi wakatazamana. Hakuna aliyeujua. Profesa akainuka, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akatoka mbio.

Mti ambao kila mtu anautaka na hakuna anayeijua sura yake! Tapeli akikosa kula hapo, basi aache kazi.

Akaenda nyuma ya ghala la zamani, kwenye mtaro, palipo na mti mmoja mkubwa ambao watu waliufungia kamba za kuanikia nguo tu. Chini yake yalijiotea magugu ya kila namna. Akachagua yanayong'aa majani, akachimba hamsini, akayatia kwenye pakiti tupu za maziwa. Kwa mwenye bucha akaacha sita, akaondoka na paja la mbuzi. Zikabaki arobaini na nne.

Akazipakia kwenye mkokoteni, akamfuata Mzee Karani. Huyu ofisi yao ilifungwa, naye akabaki nyumbani kutwa, akisikiliza cherehani ya mkewe ikimlisha. Mwanamume wa namna hiyo ana hamu ya kuleta kitu mlangoni, kitu chochote. Mumeo akikaa hivyo, usimwache peke yake na mtu mwenye koti jeupe. Siku hiyo mkewe, Mama Fundi, alikuwa ametoka kidogo kununua uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

"Profesa."

"Marahaba, profesa. Ndiyo ule wa redioni huo?"

"Wenyewe. Tazama jani linavyong'aa. Gugu linang'aa hivi?"

"Unazaa baada ya miaka mingapi?"

"Miwili."

"Miwili tu?"

"Ukiumwagilia kwa upendo, mwaka na nusu. Lakini mimi sipendi kudanganya watu. Nakwambia miwili."

Mzee Karani akameza mate. "Hela sina, mwanangu."

"Nani ametaja hela? Ndani kuna nini?"

Ndani kulikuwa na kitanda, meza na cherehani. Kitanda kikienda, wangelala wapi? Meza ikienda, wangekula wapi? Mzee alipiga hesabu hiyo kwa makini kabisa, kama alivyozoea ofisini, akafikia jibu la kipumbavu.

Mama Fundi alirudi na uzi wake mkononi akakuta cherehani iko juu ya mkokoteni inafungwa kamba. Ndani alikuwa na sare kumi na mbili za shule, mikono haijashonwa, za kukabidhiwa Jumatatu. Watoto wake watatu walikula, walivaa na walisoma kwa ile cherehani.

"Baba watoto, cherehani inakwenda wapi?"

"Tulia, mke wangu. Tunakwenda kuwa matajiri."

"Tunakwenda sisi, au inakwenda cherehani?"

"Mama, hongera," Profesa akadakia. "Mume mwenye macho kama huyu mtaa huu sijamwona."

Mama Fundi akaiendea miche. Alichuchumaa, akafikicha jani, akanusa. Akamimina pakiti moja chini. Kwenye shina, pale mzizi unapoanzia, ganda la kokwa lilikuwa bado limeng'ang'ania, limepasuka vipande viwili, na ukingoni lina alama ya mshono. Mshono ule aliujua. Alipokuwa mdogo mama yake alimtuma kuokota kokwa hizo kikapu kizima, wakazipasua kwa jiwe kizingitini. Kilichokuwa chini pale kilikuwa mti wa kokwa wa kweli.

Moyo ukamruka. Uso haukutikisika. Kisha akapiga ukelele.

"Jamani majirani! Njooni mwone! Mtu anachukua cherehani yangu kwa magugu!"

Mtu anayejua miti angebishana. Angeonyesha ganda, angesema mama umekosea. Profesa hakubishana, kwa sababu moyoni aliamini kabisa kwamba anadanganya. Jasho likamtoka upande ule wa kichwa ulionyolewa, likaonekana vizuri.

"Mama, tuzungumze taratibu..."

"Shusha cherehani!"

Akaishusha mwenyewe. Mama Fundi akachana ukurasa kwenye daftari lake la vipimo. "Andika. Miche hii ni magugu, nimeiacha hapa kwa hiari yangu, sina dai. Umechimba wapi?"

"Nyuma ya ghala la zamani, mama, chini ya ule mti mkubwa."

"Liandike na hilo. Saini."

Mwenye bucha, aliyekuja mbio na kisu mkononi, akasaini kama shahidi. Kisha akaenda kwake akaing'oa ile sita, akaitia motoni. Mbuzi wake alikuwa ameshaliwa.

Watu walipotawanyika, Mzee Karani alisimama kando ya zile pakiti akitazama vidole vya miguu yake. "Mke wangu, nisamehe."

"Mwagilia."

"Nini?"

"Hayo magugu. Mwagilia yote, na jua kali lisiyapige."

Wiki mbili baadaye bwana misitu akaitwa. Akageuza majani, akatazama maganda, akaenda nyuma ya ghala akasimama mbele ya ule mti mkubwa na kofia mkononi, kama mtu aliyekutana na shangazi aliyemdhani ameshakufa. Akasema miche itazaa baada ya miaka kumi na tano hivi, lakini ofisi inahitaji miche mingine sasa hivi, na mtu wa kuiotesha ni huyu mzee aliyeitunza hii. Tangu hapo Mzee Karani ana kazi. Anaokota kokwa, anazitia kwenye ndoo ya maji, zinazoelea anatupa, zinazozama anazigonga kidogo kwenye mshono na kupanda.

Habari zikafika kwa kinyozi. Profesa akaja anahema.

"Mama! Kumbe ilikuwa ya kweli!"

"Ya kweli, mwanangu."

"Basi sikudanganya!"

"Hukudanganya. Na karatasi ninayo, umesaini kwamba ulidanganya. Nikuitie shahidi? Siku hizi kila nikipita bucha ananitazama vibaya, nadhani angependa sana kuzungumza na wewe."

Profesa akatazama nyuma yake. "Nipe hata mmoja, mama."

"Nauza."

"Sina kitu."

Mama Fundi akalipima lile koti kwa macho. Lingetoa kola nane za sare. Profesa akalivua, akabaki na fulana yenye tundu ubavuni, akapokea mche wake kwa mikono miwili.

"Na huu unazaa lini?"

Mama Fundi akakata uzi kwa meno. "Miaka miwili."

"Miwili tu?"

"Ukiumwagilia kwa upendo, mwaka na nusu. Lakini mimi sipendi kudanganya watu."

Profesa akaondoka nao polepole, asije akautikisa. Wanaoishi jirani naye wanasema kila asubuhi anainama, anainua jani moja moja, anatafuta kokwa.