Kiyoyozi Kinachomngoja Mgeni Rasmi

Kwa furaha isiyo na kifani, na kwa herufi kubwa zilizojaza skrini ya simu, Umoja wa Waswahili wa Muhaisnah ulitangaza kwamba joto la Dubai limeshindwa.

Tangazo lilitoka mwezi wa saba, siku ambayo kandambili ya mtu ilinata kwenye lami nje ya baqala, lile duka dogo la mtaani, ikabidi mwenyewe aiage na kuondoka na moja. Lilieleza kuwa chini ya Mkakati wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi kwa Afya ya Mwanachama, Awamu ya Kwanza, kiyoyozi kipya kabisa kimefungwa katika chumba namba kumi na tisa cha kambi ya wafanyakazi. Kitaanza kutoa ubaridi mara tu kitakapozinduliwa na mgeni rasmi.

Wakaazi wanane wa chumba hicho walipiga makofi. Kiyoyozi cha zamani kilikuwa kimekata roho tangu mwezi wa tano, na walipolalamika, uongozi wa kambi uliwajibu "inshallah," ile inayosemwa huku mtu anaangalia simu. Sasa mkombozi alikuwa ukutani, mweupe, anang'aa, amezungushiwa utepe mwekundu wenye fundo kubwa.

Rimoti ilikabidhiwa kwa Deus. Hakukuwa na mtu mwingine wa kufaa. Deus alikuwa mmoja wa wale wanane, mfuta vioo katika jengo la ofisi, lakini pia alikuwa Katibu wa Itifaki wa Umoja. Zaidi ya hayo, zamani kule Kagera alipata kuwa kiranja wa bweni, na mtu akishakuwa kiranja haponi. Aliipokea rimoti kwa mikono miwili, akaiweka ndani ya foronya ya mto wake, kisha akawasomea wenzake Mwongozo wa Muda wa Kuishi na Kiyoyozi Kisichozinduliwa. Kwa mujibu wa Mwongozo huo, mkaazi aliruhusiwa kukitazama kiyoyozi, kukifuta vumbi, na kukisifu mbele ya wageni. Kukiwasha ilikuwa ni utovu wa nidhamu.

"Hii ni dhuluma, bana," alisema Sheikhan, kijana wa Likoni aliyepakia mizigo bandari ya Hamriya na ambaye ulimi wake haukuwahi kupewa likizo. "Ni kama kuwekewa biriani mbele yako, halafu uambiwe usile mpaka bwana harusi afike, na bwana harusi mwenyewe bado anatafuta mchumba."

"Kila kitu kina utaratibu," alisema Deus.

"Na jasho langu je? Mbona lenyewe latoka bila ruhusa ya kamati?"

Deus aliahidi kulifikisha suala hilo panapohusika.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Japhet, msuka nondo. Japhet alitoka Makete, ambako mwezi wa saba watu huota moto na kugombania blanketi. Hapa kila jioni aliloweka shuka lake, akalitandika, akalilalia, na kabla hajamaliza kusali lilikuwa limekauka. Hapati usingizi. Asubuhi basi la kampuni lilimbeba akiwa na macho mekundu na kumpandisha juu ya jengo. Jumanne moja akasinzia huko huko juu, koleo mkononi. Mkanda wa usalama ukamdaka, akaning'inia kama suruali kwenye kamba.

Msimamizi wake hakupiga kelele. Alisema tu, "Khalas, basi. Ukisinzia tena juu, unapanda ndege kurudi kwenu."

"Kupanda ndege siogopi," Japhet alimwambia Deus jioni ile, ameketi chini ya kiyoyozi kama mtu anayesubiri embe lidondoke. "Naogopa siku nitakayosinzia kabla sijafunga mkanda."

Hapo Deus aliona kwamba jambo limefika ngazi ya juu.

Kesho yake alikwenda kwa Mwenyekiti. Mheshimiwa Allen alikuwa wakala wa mizigo, na ofisi yake karibu na bandari ilikuwa na ubaridi wa kuhifadhia samaki. Alikuwa amevaa sweta. Alimkaribisha Deus chai ya tangawizi, ili apate joto.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekuja na ombi la dharura."

"Dharura inatangazwa na nani?"

"Na Mwenyekiti."

"Nimeitangaza?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Basi endelea na ombi la kawaida."

Deus akaeleza habari za Japhet: kutolala, kusinzia, kuning'inia. Akaomba kiyoyozi kiwashwe mapema kidogo, kwa sababu za kiafya, na kizinduliwe baadaye.

Mwenyekiti alisugua viganja kujipasha moto. "Tuna ushahidi gani kwamba ni joto? Kijana asiyelala anaweza kuwa na mawazo. Anaweza kuwa anapenda. Deus, mimi nimekaa mji huu miaka mingi, na hilo joto mnalolisema sijakutana nalo hata siku moja."

Alisema kweli tupu. Nyumba yake ilikuwa na ubaridi, gari lake lilikuwa na ubaridi, ofisi yake ndiyo hiyo, na dereva alisogeza gari hadi mlangoni ili Mheshimiwa na jua wasije wakapishana.

"Na mgeni rasmi, Mheshimiwa? Atakuja lini?"

"Bi Khairunisa wa mtaa wa Mirdif ni mtu mzito. Ratiba yake imebana. Tumvumilie."

Hata hivyo Mwenyekiti hakuwa mtu wa kupuuza kilio cha mwanachama. Papo hapo aliunda Kamati Ndogo ya Kuthibitisha Joto. Kamati ilifika Muhaisnah kwa basi dogo la Umoja, ikaegesha getini, ikalitazama jua kupitia kioo cheusi bila kuteremka, ikaandika kuwa jua lipo lakini ni la wastani, ikaondoka.

"Kibonye kimoja tu, kaka," alibembeleza Sheikhan. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe usijue! Geukia ukuta, mimi nibonyeze."

Deus alikataa. Alichoweza kumpa Japhet ni kitanda chake kilichokuwa karibu na mlango, ambapo hewa ya moto ilipita kwa kasi zaidi. Lakini tangu hapo alilala vibaya. Ile rimoti ndani ya foronya ilimchoma shavu kama jipu.

Hatimaye, mwezi wa nane, siku ikatangazwa: Jumapili, baada ya adhuhuri. Kaulimbiu: Joto ni Adui, Umoja ni Kivuli.

Maandalizi yalifana. Kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo na meza kuu ilikuwa kubwa, vitanda vya wakaazi vilitolewa hadi ukumbini, nje ya mlango. Wakaazi wenyewe, kwa kutokuwemo kwenye orodha ya waalikwa, waliombwa wakasubiri ndani ya basi dogo. Injini ya basi ilikuwa inanguruma tangu asubuhi na ubaridi umefunguliwa hadi mwisho, kwa sababu ndani yake mlikuwa na keki yenye umbo la kiyoyozi, na krimu yake haikutakiwa kuyeyuka. Hakuna aliyeunda kamati ndogo ya kuthibitisha kama kweli keki inasikia joto.

Chumbani waliingia viongozi tu, wote kwa suti. Viti vilivikwa vitambaa vyeupe. Nyuma ya meza kuu lilitundikwa bango pana kuliko mlango, na humo Mheshimiwa Allen alitabasamu, kidole juu, akilionya joto. Dirisha na mlango vikafungwa ili video isiingie kelele za mabasi. Deus alisimama pembeni ameshika sinia, juu ya sinia kitambaa cha kudarizi, juu ya kitambaa rimoti.

Mgeni rasmi alikuwa njiani, hivyo wakaanza na yaliyomo kwenye ratiba. Ulisomwa utambulisho wa viongozi. Ikasomwa historia ya Umoja. Ikasomwa historia ya kiyoyozi. Ndipo Mwenyekiti akasimama, akasema, "Itifaki imezingatiwa," kisha akaanza kuizingatia, jina moja baada ya jingine.

"Ndugu zangu," alisema alipomaliza, "joto ni..."

Akafuta paji la uso. Alikuwa kama mtu aliyetambulishwa ghafla kwa mkwe ambaye kwa miaka yote alidai hayupo. Shingo ya shati ilikuwa imebadilika rangi. Mweka Hazina alikuwa ameshalegeza tai, na Makamu alijipepea kwa ratiba.

"Joto ni... Deus. Washa."

"Mheshimiwa, mgeni rasmi hajafika."

"Nimesema washa."

"Mheshimiwa, Mwongozo unasema..."

"Mwongozo nimeuandika mimi!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na umeandikwa vizuri sana."

Deus hakuwa anafanya mzaha. Alilivuta sinia karibu na tumbo lake. Mwenyekiti aliunyosha mkono kuifuata rimoti, akaikosa, akatafuta kiti, akakikosa nacho, akateremka taratibu hadi sakafuni. Ushahidi uliokuwa unatafutwa na Kamati Ndogo ulipatikana wakati huo, ukiwa umevaa suti ya vipande vitatu.

Deus alilitupa sinia na kuidaka rimoti. Kidole chake kilikuwa kwenye kibonye mlango ulipofunguliwa, akaingia mama mtu mzima aliyevaa buibui, mkoba begani, hana msafara.

"Subhanallah! Mwafanya nini humu? Mwaoka mikate?"

Alikuwa Bi Khairunisa mwenyewe, Mzanzibari wa siku nyingi pale mjini, muuguzi mstaafu.

"Tunazindua kiyoyozi, Bi Mkubwa," alisema Deus.

"Kiko wapi?" Deus akakionyesha. "Na mbona mmekifunga kitambaa kama kinaumwa jino?"

"Ni utepe, Bi Mkubwa. Tulikuwa tunakungoja wewe uukate. Tangu mwezi wa saba."

"Mimi? Mie nimepigiwa simu jana, baada ya Alasiri! Nikaambiwa eti bango limeshatoka kwa mchapaji, sasa naweza kuja."

Macho yote yaligeukia bangoni. Mweka Hazina, ambaye dhamiri yake ilikuwa imeyeyuka pamoja na mafuta ya nywele, alikohoa. "La kwanza lilisahau neno Mheshimiwa," alisema. "La pili lilimkata Mwenyekiti kidevu, ikabidi tungoje la tatu."

Bi Khairunisa hakuomba mkasi. Alipanda juu ya kiti cha kitambaa cheupe, akaung'oa utepe kwa mkono, na Deus akabonyeza. Kiyoyozi kikaguna, kikashusha pumzi, kikaanza. Makofi hayakupigwa, viongozi walikuwa wanavua makoti.

"Mvueni huyu naye. Mlegezeni tai. Miguu juu! Leteni vitambaa vya maji, na apepewe!"

Sheikhan, aliyekuwa amekuja mbio kutoka kwenye basi na krimu kwenye masharubu, hakuona cha kupepea isipokuwa bango. Alilishusha. Uso wa Mwenyekiti ukawa unampepea Mwenyekiti, ukipanda na kushuka, ukitabasamu kila mara.

"Nani wanaolala humu?" aliuliza Bi Khairunisa.

"Sisi," wakasema wakaazi waliokuwa wamesongamana mlangoni.

"Na hawa wenye tai?"

"Hao ni viongozi wa Mkakati wa Joto," alisema Deus.

"Basi wameshalijua. Watoke."

Walitoka. Vitanda vikarudi. Japhet alijinyoosha kwenye chake "kujaribu tu," akalala kabla hajavua kandambili ya pili. Bi Khairunisa alimtazama, akashusha sauti.

"Mie nimekuja hapa kijana. Joto lilikuwepo, lakini usiku ulipoa, mtu akajilipa usingizi wake. Siku hizi usiku nao umejiunga na mchana. Msicheze na hilo. Mtu asipolala, ndiye huyo asubuhi anaanguka."

Muda si mrefu Mwenyekiti alifumbua macho, akanywa maji ya chumvi, na kumsahihisha Sheikhan aliyemwita "mzee" badala ya Mheshimiwa. Bi Khairunisa akampima mapigo ya moyo kwa vidole, akaridhika, akasema mtu anayeweza kudai cheo amepona, naye atoke. Kisha akaaga, na kwa heshima zote basi dogo likamrudisha Mirdif, pamoja na kipande kikubwa cha keki.

Ukumbini, ambako kulikuwa na joto lile lile la wastani, Mwenyekiti alishauriana na wajumbe wake akiwa amebaki na fulana. Kisha akachungulia mlangoni.

"Deus. Uzinduzi huu si halali. Hakuna picha hata moja inayofaa. Zima, tufunge utepe, turudie mwanzo."

Japhet alikoroma. Deus alimtazama, akaitazama rimoti, akafikiri kama kiranja anavyofikiri kengele inapochelewa.

"Sawa, Mheshimiwa," alisema. "Ila kwa mujibu wa itifaki, jambo zito kama hili hufanywa na Mwenyekiti mwenyewe. Na ni vizuri iwe huko ukumbini, kwenye mwanga wa picha."

Mwenyekiti alikubali kwamba hilo lilikuwa na mantiki. Deus aliwapa mgongo kidogo, akashughulika na jambo fulani, kisha akaikabidhi rimoti kwa mikono miwili, goti limeinama. Akafunga mlango taratibu na kuteremsha komeo. Mfukoni mwake betri mbili ziligongana.

"Blanketi," Japhet alinung'unika usingizini. "Baridi."

Blanketi halikuwepo. Sheikhan akamfunika bango.

Huko nje, Mwenyekiti alisimama mbele ya kamera, akasafisha koo, na kwa mamlaka aliyokabidhiwa na wanachama akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaitikisa rimoti, akaipuliza, akaigonga kiganjani, akaielekeza upya kwenye mlango uliofungwa. Wajumbe waliokuwa wamejipanga na utepe mikononi, jasho likiwachuruzika hadi kwenye viatu, wakauliza itachukua muda gani. Mheshimiwa akawataka wawe na subira.