Penalti ya Wanyonyi na Aibu Yangu Kabuchai

Mnanijua. Hakuna kitu kinaweza kunishtua mimi. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni Kitale bila viatu, leo nina yadi ya mbao na malori mawili, na shule niliachia darasa la tano. Nimeona moto, nimeona wakora, nimeona watu wa benki. Lakini leo nimeumbuka, tena nyumbani kwa wakwe, tena nikiwa ndani ya suti.

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wabaya.

Mtoto wangu Wanyonyi ni kipa wa timu ya taifa ya mpira wa mikono, ile ya wanaume. Saa hii wako nje ya nchi kwa mashindano ya mataifa. Kabla apande ndege aliniambia, "Baba, nenda Kabuchai uniongelee kwa kina Nekesa. Tukichelewa, watampatia yule mwalimu wa Naitiri." Nekesa ndiye msichana Wanyonyi anataka kuoa, na huyo mwalimu ameshapeleka sukari ya posa hapo mara mbili.

Nikamwambia, "Mwalimu? Mwalimu anishinde mimi?"

Basi asubuhi mimi na ndugu yangu Simiyu tukapakia tivi yangu kwa pikapu, ile kubwa ya sebuleni, tukaizungushia godoro. Leo Wanyonyi alikuwa anacheza, na nilitaka wakwe wajionee kwa macho. Njia yote mpaka Bungoma nilikuwa namfundisha Simiyu heshima. "Msichana akileta chai, usimkodolee macho. Akiweka kikombe mezani, ngoja atoke ndio uchukue. Na mimi baba mkwe hata mkono wake siwezi kushika. Nikimgusa tu, ni mwiko, kondoo lazima achinjwe."

Simiyu akajibu, "Sawa, kaka." (Ni mdogo wangu. Hana pesa.)

Kabuchai tulipokelewa vizuri. Baba ya Nekesa alikaa upande ule, mtu mpole. Kando yake senge, yaani shangazi ya msichana. Huyo ndiye mwenye maneno.

"Kijana anafanya kazi gani?" senge akauliza.

"Anadakia Kenya nzima. Mpira wa mikono."

"Ati wa mikono? Si huo ni wa wasichana wa shule?"

"Senge, ngoja uone." Nikawasha tivi kwa data ya simu yangu.

Mungu wangu!

Sasa niseme ukweli, huu mchezo nilikuwa sijawahi kuutazama hata nusu. (Mtu ana kazi.) Nilijua kipa ni kipa. Kumbe huko magoli yanaingia kama mahindi kwa mashine ya kusaga! Hatujamaliza hata soda ya kwanza, Wanyonyi ameshafungwa saba.

"Hiyo ni gori ya ngapi?" baba ya Nekesa akauliza polepole.

"Ya saba, musakwa." Ndivyo tunaitana sisi wazazi wa pande mbili.

"Na bado hawajamtoa?"

"Ndivyo unachezwa, musakwa."

"Ah."

Hiyo "ah" bana, sitaisahau. Akamwangalia senge. Senge akaangalia dari.

Kufika mapumziko, amefungwa kumi na nne. Simiyu akaninong'oneza, "Kaka, zima." Nizime vipi, na nimebeba tivi kutoka Kitale? Nikaanza kueleza. Nikasema kipa anayefungwa machache huko ni kwa sababu hana bidii. Nikasema wanalipwa kwa kila moja. (Msiniulize nilitoa wapi.) Senge akasema, "Mwalimu wa Naitiri hana tivi, lakini angalau hajafungwa." Nyumba nzima ikacheka. Mimi jasho lilikuwa limefika kwa soksi.

Kipindi cha pili tukajikaza. Muda unaisha, tuko nyuma kwa goli moja, na wale wengine (nchi yao siitaji, wamefurahi vya kutosha) wakapewa penalti. Jamaa mrefu kama nguzo ya stima akasimama mbele ya mtoto wangu. Hata musakwa akasogeza kiti. Nikamwona Wanyonyi anapanua mikono, vile alikuwa akizuia ng'ombe wasiingie shambani akiwa mdogo.

Jamaa akarusha. Mpira ukampata Wanyonyi usoni. Pwaa! Ukaruka nje!

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua nilipiga nduru. Najua nilisema, "Huyo ni wangu! Huyo ni wangu!" Najua nilimshika mtu aliyekuwa kando yangu, nikamkumbatia, nikamwinua, nikamzungusha. Nilidhani ni Simiyu.

Simiyu alikuwa amekaa mbele yangu, mdomo wazi.

Niliyembeba juu alikuwa Nekesa. Alikuwa ameingia na trei ya glasi, na sasa glasi zote zilikuwa vipande sakafuni.

Tivi peke yake ndiyo inaongea. Nikamweka chini taratibu, kama mtu anaweka trei ya mayai. Akajifunika uso kwa leso, akakimbilia jikoni, nikasikia analia. Hapo suti ikanibana. Yule msichana hakukosea mtu. Alikuwa anataka tu mtu wake.

"Musakwa," baba yake akasema, "umemshika mtoto."

"Musakwa, ni ile goli..."

"Nimeona. Gori haikuingia. Wewe ndiye umeingia."

(Na tulishindwa. Kwa goli moja. Kelele zangu zote zilikuwa za kushindwa.)

Senge akasimama, akafunga kikao. Mazungumzo yataanza upya Jumamosi, baada ya kondoo wa kusafisha nyumba. Yeye apewe blanketi. Glasi zirudishwe. "Na atakayekuja kuongea ni Simiyu," akasema. "Wewe utabaki kwako Kitale."

Mimi! Ndoa ya mtoto wangu iongelewe na Simiyu, mtu ambaye hata leo amekuja kwa gari yangu!

"Na yule mwalimu?" Simiyu akauliza.

"Mwalimu anakuja Ijumaa."

Wanyonyi amenipigia jioni hii. Pua imefura, sauti imeziba. Binamu ya Nekesa alirekodi kila kitu kwa simu, na video imefika mpaka kambini kwao. Nikangoja anigombeze. Akasema tu, "Baba, mimi nimefungwa ishirini na nane. Wewe umejifunga moja." Nyuma yake nikasikia wenzake wanacheka. Yeye hakucheka.

Na nyinyi tafadhali msicheke. Kondoo, blanketi ya senge, glasi sita na mafuta ya kumpeleka Simiyu: shilingi elfu kumi na tisa, mia nne na hamsini.