Pikapu Yangu Inavuta Chochote

Jumatatu, 6 Mei. Tucumcari.

Wengine huzaliwa na meno. Mimi nilizaliwa na bahati. Miaka sitini na moja, na sijawahi kuhitaji mkono wa mtu barabarani. Juzi tu mjane wa mzee Tolliver kanipa trela la kulala, futi thelathini, vitanda viwili, jiko, choo, mapazia ya maua, tukabadilishana na mashua yangu. Nilimwambia mashua inavuja. Akasema vizuri, anataka kupandia nyanya. Bahati hiyo!

Trela nampelekea dada yangu Oleta, kule Beaver, Oklahoma. Kimbunga cha Aprili kilibeba nyumba yake yote. Ana miaka sabini na miwili na analala sakafuni kanisani. Mwanawe Lonnie anakuja Jumamosi saa sita mchana kumpeleka Wichita kwenye nyumba ya wazee, na ng'ombe wake kumi na wanane wauzwe. Oleta kasema Lonnie akimkuta ana paa lake mwenyewe, kwenye shamba lake mwenyewe, haendi popote. Nikamwambia dada, paa linakuja. Maili mia mbili na ushee. Nina siku tano. Naweza kufika, nikarudi, nikafika tena.

Shemeji Harlan, kaka yake mke wangu Nadine, alikuja kukagua. Ana pikapu ya dizeli ya magurudumu sita na haachi kuitaja. Akatema maganda ya alizeti, akasema yangu italivuta, hilo halina shaka. Swali ni kama italisimamisha. Akajitolea kulipeleka yeye. Nikakataa. Kwenye tangazo la televisheni pikapu kama yangu inavuta nyumba nzima mlimani, na dereva anatabasamu.

Tukafunga trela. Matako ya pikapu yakashuka, pua ikaangalia mbinguni. Kama mbwa anayesubiri mfupa. Harlan akapiga picha.

Jumanne, 7 Mei.

Picha ile imefika kwa watu wote wa kanisa. Mchungaji ameniuliza kama pikapu inaumwa.

Lakini akili ni nywele. Nikafikiri: mbele ya trela ndiko kunakoigandamiza pikapu. Basi toa mzigo mbele, peleka nyuma! Nikahamisha kila kitu: jenereta, masufuria ya chuma ya marehemu mama, makopo themanini na manne ya pichi, cherehani, betri mbili, maharage gunia zima. Vyote nyuma kabisa, chini ya dirisha. Pikapu ikainuka. Ikasimama sawa kama askari.

Harlan akazunguka mara mbili. Akasema, "Shemeji, mzigo mbele. Hata mtoto wa huku anajua." Nikamwambia hayo ni mambo ya enzi za farasi. Akatema ganda, akaondoka. Nimehesabu hilo kuwa ushindi.

Jumatano, 8 Mei. Dalhart, Texas.

Tuliondoka asubuhi, Nadine na mimi, chupa ya kahawa katikati. Maili thelathini za kwanza, raha tupu. Nilikuwa nikiimba. Nikagusa maili hamsini na tano kwa saa. Upepo wa kusini ukaingia.

Trela likaanza kutikisa kiuno. Kwanza kidogo, kwa adabu. Halafu kama mkia wa mbwa aliyeona bwana wake. Lori la ng'ombe likatupita, na hapo mkia ukaanza kumtikisa mbwa. Nadine aliacha kufuma sweta lake, akaanza zaburi. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kosa. Trela likataka kutupita lenyewe lione kuna nini mbele.

Tulisimama ndani ya shamba la mtu, upande wa pili wa uzio wa waya. Hatujaumia. Ng'ombe wakaja kututazama, wakatafuna. Nadine akashuka, akafungua mlango wa trela, makopo ya pichi yakamshukia miguuni moja moja. Akasema tutaongea tukifika Dalhart. Akaenda kusimama mbali kidogo na simu yake.

Mwenye shamba akatuvuta na trekta na kukataa malipo. Nimempa makopo kumi na mawili.

Tumefika Dalhart. Hajaongea.

Alhamisi, 9 Mei. Bado Dalhart.

Niandike ya jana jioni, yamenikaa rohoni. Kambi ya matrela ina desturi mbaya. Mgeni akianza kurudisha trela nyuma kwenye nafasi yake, wakazi wote hutoa viti vya kukunja, hukaa mstari, na vinywaji mkononi. Ndiyo sinema yao.

Nadine alisimama nyuma kuniongoza. Ishara zake nazijua tangu mwaka tulipooana, na hadi leo sijui zina maana gani. Nikikata kushoto, trela kulia. Nikikata kulia, trela kwenye meza ya watu. Dakika arobaini na moja. Nilipozima injini walipiga makofi. Mtu mmoja alisimama kabisa.

Asubuhi mzee mmoja wa suruali ya mikanda ya begani, Virgil, akaja na skonzi na rojo jeupe. Mtu mzuri. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza farasi, kwamba trela linalobeba mzigo nyuma lazima licheze. Uzito uwe mbele.

Sawa. Mbele. Lakini kwa nini niishie mbele ya trela, kama fundi wa kawaida? Mbele zaidi ya hapo ni wapi? Ndani ya pikapu yenyewe! Na ng'ombe wa Oleta hawana nyasi, kimbunga kilizipeleka Kansas. Nikapakia marobota ishirini na mawili ya nyasi kwenye pikapu. Jiwe moja, ndege wawili, na ndege wote wanono. Ya nyuma ya trela sikuyagusa. Mgongo unauma.

Nadine aliyahesabu marobota. Akaingia ndani kupiga simu.

Ijumaa, 10 Mei. Nje kidogo ya Texhoma.

Trela halikucheza sana. Lazima liandikwe hilo.

Ila pikapu ilianza kunuka kama maharage yaliyosahauliwa jikoni. Nikasema ni harufu ya kiwanda cha mbolea. Nadine akasema kiwanda hicho kinatufuata tangu Stratford. Saa nane mchana gia zikakataa. Mbele haiendi, nyuma haiendi, moshi mwembamba chini. Nikamweleza Nadine kwamba gia ni kama punda, zinahitaji kupumzika. Tumezipumzisha saa tatu. Nilikaa kwenye robota la nyasi nikiangalia barabara inayokwenda Beaver, maili themanini hivi, nyoofu kama kamba, na kesho saa sita Lonnie anafika na gari lake. Akilini nilimwona Oleta akikunja blanketi lake la kanisani. Sikupenda nilivyojisikia.

Nikamwambia Nadine pengine, labda, si vibaya kumpigia kaka yake. Ni mbali, lakini akitoka usiku huu atawahi.

Nadine akanyoosha kidole nyuma yangu. Pikapu ya magurudumu sita ilikuwa inaegesha.

Kumbe alimpigia Jumatano, tukiwa kwa wale ng'ombe. Harlan ametufuata tangu siku ile, kwa mbali. Kalala ndani ya pikapu yake Dalhart. Kwenye kiti cha mwisho cha mstari wa watazamaji alikaa mtu mwenye kofia usoni: yeye. Na ndiye aliyesimama kupiga makofi.

Jumamosi, 11 Mei. Beaver.

Harlan alipanga upya mzigo wote kwa dakika ishirini, mzito mbele, bila kusema neno. Ningependelea matusi. Pikapu yangu tuliiacha kwa mkulima mmoja, nyasi tukahamisha. Trela lilimfuata Harlan kama mwanakondoo. Inaudhi.

Kabla ya kona ya Oleta akasimamisha gari, akashuka. Akanipa usukani.

"Ingia wewe, shemeji. Ni dada yako."

Nikaingia nikiendesha. Oleta alikuwa amesimama katikati ya msingi mtupu wa nyumba yake, mkoba begani, kama mtu anayesubiri basi. Akaweka mkono mdomoni. Nikarudisha trela nyuma kwa madaha, na nikagonga sanduku la barua. Ndicho kitu pekee ambacho kimbunga kilikuwa kimekiacha.

Oleta akalitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. "Kaka, kimbunga kilisahau hilo," akasema. "Asante kwa kumalizia."

Lonnie alifika saa sita kasoro dakika kumi. Akapanda ngazi, akajaribu bomba, jiko, kitasa, akaweka kopo la pichi sakafuni kuona kama litabingirika. Halikubingirika. Mama yake akamwekea maharage na mkate wa mahindi. Akala sahani mbili. Akasema basi, atarudi wakati wa baridi kuangalia. Akarudi Wichita peke yake.

Ng'ombe wote kumi na wanane wamekula.

Jumapili, 12 Mei.

Kanisani Oleta aliwaambia watu kaka yake amemletea nyumba kutoka New Mexico. Wakaniuliza safari ilikuwaje. Nikasema upepo kidogo. Harlan aliangalia dirishani kwa muda mrefu.

Tukirudi nikaona kando ya barabara trela la futi thelathini na nane, linauzwa, lina mahali pa kuotea moto ndani! Nimelipima kwa kamba ya viatu. Fundi anasema gia zangu zitakuwa tayari Alhamisi, na Harlan anakwenda kuvua samaki, kwa hiyo hatakuwepo kuniudhi. Vitu vizito nitaviweka nyuma kabisa. Safari iliyopita kosa lilikuwa la upepo.

Na yale niliyoandika Jumatatu, kwamba nilizaliwa na bahati na sijawahi kuhitaji mkono wa mtu, ni uongo: bahati yangu ni Harlan na simu ya Nadine.