Jani Tumboni mwa Anti Veronicah

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kamera mpya imewasili hospitalini! Inakuza ukuta wa tumbo mpaka vimishipa vyake vionekane kama mizizi, na mwanga wake wa buluu hufichua uvimbe mchanga kabla mgonjwa hajahisi lolote. Daktari Musili atamchagua mmoja wetu amfundishe kuukata kwa kupitia mdomoni, bila kupasua tumbo. Ni mimi au Jeremy. Jeremy husoma polepole, akisogeza midomo. Hana nafasi.

Mkakati: niwe wa kwanza kugundua uvimbe. Anti Veronicah wa Riruta, aliyenilea, amelalamikia kiungulia tangu Krismasi. Tumbo la familia! Nimemwambia Daktari Musili kwamba ni jirani tu, maana hapendi tupime jamaa zetu.

Jumatano, 5 Machi

Nimetangaza kipimo cha Ijumaa kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Nimeeleza mwanga wa buluu kwa aya tisa. Mwishoni nikaongeza kwamba Anti asile usiku. Pongezi zimemiminika. Akina mama wa kanisa wataenda kumwombea kesho jioni. Vizuri. Mashahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Niliingiza kamera kwa mkono imara. Nikawasha buluu. Hapo hapo, doa jeusi, kingo kali! Nilitangaza uvimbe kwa sauti iliyofika mapokezi. Daktari Musili akaniagiza nisafishe kwa maji. Doa likainuka, likaogelea.

Jeremy akainama kwenye skrini. "Daktari Emmah, huo uvimbe sokoni Kangemi wanauuza kwa mafungu."

Jani la sukuma wiki, mboga ya kila siku.

Nikaanza kuvuta kamera nje, nitoke nayo mpaka nyumbani Mountain View ikibidi. Jeremy akanishika kiwiko. Akasema nirudi nyuma kidogo, pale jani lilipokuwa limelala. Nikarudi. Palikuwa na kibonde kidogo, chekundu, kama ukucha wa mtoto. Ndani yake vimishipa vilijipindapinda ovyo. Hakuna aliyecheka tena. Tukachukua kipande cha kupeleka maabara.

Alipozinduka nilimuuliza Anti kwa nini alikula. Alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, wageni wamekuja kuniombea kwa sababu yako. Ulisema nisile. Hukusema niwaache wale peke yao."

Kisha akamsimulia Daktari Musili jinsi alivyonibeba mimi, jirani yake, mgongoni hadi darasa la pili.

Jumanne, 18 Machi

Majibu: saratani, lakini changa, bado iko juu juu. Nilisoma karatasi nikiwa chooni, nikalia kidogo, nikanawa uso. Daktari Musili ataikata Alhamisi ya wiki ijayo. Jeremy atamsaidia. Mimi nimeamriwa kukaa nje na familia, kwa kuwa sasa inajulikana ninayo.

Nilimwambia Anti kwamba Jeremy ni mzembe, amkatae. Alisema kijana huyo alimpigia simu mara mbili kumweleza asile na asinywe nini kabla ya siku hiyo, na alimkataza hata mboga itakayobaki kwenye sufuria. Anamwita "daktari wangu". Mimi ananiita Emmah.

Alhamisi, 27 Machi

Nilikaa nje. Akina mama wa kanisa waliimba mpaka mlinzi akatuomba tushushe sauti. Niliimba pia, sijui maneno. Mlango ulipofunguka, Jeremy alinijia mimi kwanza, kabla ya wote. Alisema saratani imetoka yote, kwa kipande kimoja, Anti anapumua vizuri. Nilimkumbatia. Nadhani ni uchovu.

Jumatatu, 7 Aprili

Maabara imethibitisha: kingo za kipande ni safi, hakuna saratani iliyobaki. Anti amepona! Atarudi tu kuchunguzwa mara kwa mara. Nafasi ya mafunzo amepewa Jeremy.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Jani lililala pale pale penye ugonjwa. Bila tangazo langu, wasingekuja akina mama. Bila akina mama, hakuna sukuma. Bila sukuma, nani angepatazama? Ugunduzi ni wangu. Nimemwandikia Daktari Musili kurasa nne kumweleza.

Tena Mjomba Oyoo anasikia gesi tumboni. Nimemwekea miadi Ijumaa, kama mgonjwa asiye jamaa, na nimetangaza kwenye kikundi cha ukoo. Makosa hayarudiwi. Safari hii nimeandika wazi, kwa herufi kubwa: sukuma wiki ni marufuku.

Wageni wapikiwe kuku.