Kitumbua Changu na Mume Wangu wa Miaka Sita

Jumatatu, 8 Desemba
Mjukuu wangu Talha kaletwa Chanika kwa likizo. Miaka sita, mashavu tele, mume wangu huyu. Mama yake, mkamwana wangu Munira, kaja na masharti. Eti daktari kasema uzito umezidi umri, na mazoea mema huanzia utotoni. Soda marufuku. Biskuti marufuku. Maandazi marufuku. Nikikiuka, likizo ataimalizia Chang'ombe kwa Bi Najma, bibi yake mzaa mama. Kwa Bi Najma! Mwanamke ambaye kila harusi huniuliza kama huku Chanika umeme umefika. Nimeapa kutii.

Halafu nikafikiri. Vitumbua hakuvitaja.

Jumatano, 10 Desemba
Nimepika vitumbua. Talha kala, kanisifu. Jioni mama yake kapiga simu, naye akasimulia kila kitu. Mtoto hana siri kabisa. Nikajitetea kwamba vilikuwa vyangu, yeye alionja tu. Munira, kwa adabu ile inayouma, akasema mtoto hufuata anachokiona kwa wakubwa, basi anaomba na mie niviache, nyumba nzima tule sawa. Akaongeza kuwa Bi Najma ameshatandika kitanda. Nimekubali. Tumekula mchicha na papai. Umri huu!

Jumapili, 14 Desemba
Mchicha tu tangu Jumatano. Leo nimenunua kitumbua kwa jirani, Mauwa, nikajificha nacho nyuma ya banda la kuku. Talha akaniona, akadhani tunacheza kujificha. Nikakimbilia kwenye mihogo. Akanifuata huku anacheka. Nikazunguka kisima, kitumbua mkononi, dera nimelishika kwa meno. Kitumbua kikadondoka, jogoo akaondoka nacho. Talha kaomba turudie kesho.

Jumapili, 21 Desemba
Wiki nzima nakimbizwa. Kila nikijificha ananipata kabla sijang'ata. Magoti yananiuma, Mauwa anacheka mpaka anakaa chini. Jioni mume wangu kaketi nami mkekani, kanimegea papai lake. Marehemu babu yake hakuwahi kunimegea kitu. Nyumba hii ilikuwa kimya mno kabla hajaja. Wakimpeleka kwa Bi Najma nitalia, nasema kweli.

Jumapili, 28 Desemba
Munira kaja kukagua. Kamtazama mwanawe: anakimbia bila kuhema, kaptula inamlegea. Kanitazama mie: dera linapwaya. Akanikumbatia. Akasema Talha abaki mpaka shule zifunguliwe, na kwamba atamshauri Bi Najma aje ajifunze kwangu. Kwangu! Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kadiri nilivyoweza.

Munira kaondoka. Nimekaa namtazama mume wangu anavyofukuza kuku. Kweli kapungua. Maana yake sasa nafasi ipo. Nimeroweka mchele wa mkate wa kumimina.