Pacha wa Nahodha

Jumamosi, 7 Septemba 1996

Daktari kasema moyo umechoka. Basi niungame, angalau kwa karatasi. Jambo nililowaficha watu wangu miaka mitatu ni hili: sisikii. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia linapokea mtu akinipigia kelele ndani yake. Na mimi ndiye mkalimani!

Kila Jumamosi baada ya laasiri wanapanda ngazi zangu hapa Ndia Kuu kutazama mchezo wa merikebu ya angani. Bi Mwanaesha wa nyumba ya chini, na mahamri yake. Charo fundi cherehani. Kamaludin, aliyekuwa muuza halua, jirani yangu na hasimu yangu, ambaye sauti yake naisikia hata mimi. Kiingereza cha televisheni kinawapita mbio. Mimi nilikisomesha mpaka nikastaafu. Basi nakaa mbele, pua karibu na kioo, nawatafsiria. Yaani natunga. Macho, alhamdulillahi, ni ya mwewe.

Leo balaa. Nahodha, niliyemzika Julai kwa hotuba iliyomliza Bi Mwanaesha, katokea mzima! Ana ndevu. Adui yake mkubwa, yule jenerali, anammiminia chai. Wote wakanigeukia. Nikasema: pacha wake.

Kamaludin akanguruma, pacha huyu katoka wapi? Nikajibu alilelewa kwa shangazi, sayari ya mbali. Nikaongeza kwamba sasa analia kwa kumkumbuka marehemu. Kamaludin akauliza mbona anacheka. Nikamwambia anacheka kwa uchungu, Wazungu ndivyo walivyo.

Mlangoni alisimama Manar, mjukuu wa Kamaludin, yuko likizo kutoka chuo kikuu. Kajiziba mdomo kwa buibui. Sikupenda.

Jumapili, 8 Septemba

Manar kaja kunijulia hali. Kabusu mkono, kisha kaingia moja kwa moja sikio la kulia, kwa sauti kubwa. Ameniotea, msichana huyu! Akasema hakuna pacha, Babu. Nahodha ni yule yule, ila historia imeshika njia nyingine. Siku ile alipofika kwenye mlango wa nyota hakuufungua, basi hakufa, wala vita havikuwa. Sehemu ya pili ni Jumamosi.

Nikamjibu nilijua. Nilirahisisha kwa ajili ya Charo.

Alipoondoka chai ikanishinda kunywa. Njia nyingine! Kumbe kuna ruhusa ya kuwaza namna hii, na watu wazima wanalipwa kwa kazi hiyo? Huko labda mke wangu Hind hakuugua. Ananiita kutoka jikoni, nami namsikia kwa sikio lolote nipendalo, namjibu ngoja, sikawii. Nilifurahi hadi adhuhuri.

Kisha nikajiona mimi mwenyewe, Amin wa njia ya tatu. Yule aliyesema kweli siku ya kwanza. Wakampa pole nyingi, wakahamia kwa Kamaludin, mwenye televisheni ya rangi. Miguu haimshushi ngazi. Yuko huku juu, anazungumza na ukuta.

Siungami ng'o.

Jumatatu, 9 Septemba

Mpango: Manar asiwepo Jumamosi. Nikamshauri Kamaludin ampeleke mjukuu kwa jamaa zao Kizingo, kuna miti, apate hewa. Akanipigia kelele: "Hewa ya kwako ina nini, Mwalimu? Umeimaliza?" Bi Mwanaesha kacheka. Mpango umekufa.

Jumatano, 11 Septemba

Mpango wa pili, bora zaidi. Nimemwomba Charo feni kubwa ya dukani kwake. Iungurume, asisikie yeyote, tuwe sawa! Charo kaifunga kwa moyo mweupe. Ikawashwa. Mahamri yakatawanyika. Kofia yangu ikatoka dirishani, ikamtua mtalii kichwani, naye kaipiga picha. Bi Mwanaesha akanijia sikioni kuuliza kama nina haraka ya kufa kwa nimonia. Feni imerudi dukani. Kofia haijarudi.

Ijumaa, 13 Septemba

Kamaludin keshajua habari ya historia mbili. Katoka msikitini, kasimama chini ya dirisha langu mtaa mzima ukisikia: "Eti pacha! Kesho Manar atakaa papo hapo, tukuone, Mwalimu!"

Sijasikia maneno bayana hivyo tangu nistaafu. Nilimrushia ganda la chungwa. Likampata Charo.

Jumamosi, 14 Septemba

Walijaa hadi kwenye ngazi. Nikawahi kutangaza: pacha alikuwa mtihani, mmefeli wote, historia ziko mbili. Kamaludin akaguna. Manar akaketi mkekani, upande wa sikio la kulia.

Mwisho ulipofika, nahodha akasimama mbele ya mlango wa nyota. Nilielewa bila sauti. Akirudi kwenye njia yake, kifo. Akibaki, amezungukwa na marafiki wasiomjua. Nikawaambia: anasema, nimekaa nanyi kwa uongo. Nimekula chakula chenu, nimepata jamaa. Mkijua mimi ni nani hasa, bado mtakuja?

Hakuna aliyetikisika. Bi Mwanaesha kajifuta macho kwa leso. Kamaludin safari hii hakuuliza mbona anacheka. Alimgeukia mjukuu wake: "Manar! Ndivyo alivyosema?"

Moyo uliochoka ukapiga mbio kama wa kijana.

"Ndivyo hasa, Babu," akasema, kwa sauti ya kunifikia. "Neno kwa neno."

Jumapili, 15 Septemba

Ushindi! Nimethibitishwa na chuo kikuu! Neno kwa neno, bila masikio! Kamaludin kaleta halua, mwenyewe, sahani nzima. Nimewatangazia kwamba nitaanza kutafsiri na taarifa ya habari. Daktari nitamwambia moyo usubiri, nina kazi.

Alasiri Manar kaja tena sikioni. Akasema jana alinisitiri. Wote wanajua habari ya masikio yangu, tangu mwaka juzi. Akauliza, kwani nadhani babu yake hupiga kelele vile nyumbani kwao? Nikamweleza ni mazoea ya kunadi halua. Akatikisa kichwa. Akaahidi kuwa kila likizo atakaa pale pale mkekani, anitajie linalosemwa. Nikamwambia haina haja, nina kipaji.

Kisha akasema, kwa upole kadiri mtu anavyoweza kuwa mpole huku anapiga kelele, kwamba yule aliyesimama mbele ya mlango wa nyota hakuwa nahodha, wala si mtu. Ni mtungi wa gesi wa merikebu.

Haya. Naandika hapa na hapa tu, kwa herufi kubwa kama mikate, ndiyo maana ukurasa hautoshi: macho nayo hayaoni.