Mama Nashipae Bado Anaongea

Marafiki, leo nimeaibika mbele ya wamama sitini. Kuku pia walikuwepo, lakini hao nimewasamehe.

Wasionijua: naitwa Nafula, nimepanga Kitengela, na ni mmoja wa watu saba wanaoandika programu ya seva. Seva ndiyo inakupokea ukifungua tovuti na kukuletea ukurasa. Yetu ni huria: unaichukua bure, unaitumia, ukikwama unatuuliza kwa jukwaa letu na tunakusaidia bure. (Ndio, bure. Mama yangu huko Bungoma pia haelewi.)

Wiki iliyopita nilikuwa Isinya, kwa mkutano wa kikundi cha wamama wafugaji wa kuku. Nimewatengenezea tovuti ya kuuza mayai. Mwenyekiti wao anaitwa Mama Nashipae. Ni mama mzuri, ana roho safi, lakini akishika maikrofoni hairudi. Siku hiyo alikuwa ameingia saa ya tatu ya hotuba. Mimi niko nyuma na laptop, naandika ule ukurasa wa programu yetu unaotokea seva ikizidiwa na watu. Nilihitaji maneno ya majaribio. Nikaandika nilichokuwa naona:

"Subiri kidogo. Mama Nashipae bado anaongea."

Nikacheka peke yangu. Nikasema nitabadilisha nikifika nyumbani.

Sikubadilisha. Jana mchana tukatoa toleo jipya. Kazi yangu ilikaguliwa na Thiago, mwenzetu wa Brazil, ambaye hajui neno hata moja la Kiswahili. Alidhani ni tafsiri. Akaniambia imependeza.

Leo asubuhi ndio ilikuwa uzinduzi wa tovuti. Nikaenda mapema, nikaweka toleo jipya kwa seva ya wamama. (Nilitaka wawe wa kwanza. Roho nzuri iliniponza.) Ukumbi umejaa, wamama wamevaa shanga zao. Mbele kabisa ameketi mnunuzi wa mayai kutoka Nairobi, mtu amebembelezwa mwaka mzima aje. Asipochukua mayai yao, hiyo tovuti ni ya kazi gani? Mama Nashipae akanisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," nikajibu "Iko" kama mwenyeji. Nikajisikia sana.

Hotuba ikaanza. Baada ya nusu saa Mama akasema, "Sasa kila mtu atoe simu afungue tovuti yetu, mimi nikiendelea."

Wamama sitini wakafungua kwa mpigo. Seva yao ni ndogo, ile ya bei ya chini. Ikazidiwa.

Mama mmoja wa safu ya pili akaangalia simu. Akamwangalia Mama Nashipae. Akaangalia simu tena, akamwonyesha jirani. Kicheko kikaanzia hapo, kikapita safu hadi safu.

"Hii kitu inamsikia," mmoja akasema.

"Hata kompyuta imechoka," akajibiwa.

Mimi nilijua kabla sijaangalia simu yangu. Nikaomba stima ipotee. (Hupotea kila siku. Leo ikakataa.)

Mama Nashipae akanyamaza, jambo ambalo huo ukumbi haukuwa umewahi kuona. Akavaa miwani, akachukua simu ya mama aliyekuwa karibu, akasoma kwa maikrofoni, neno kwa neno. Halafu akauliza, "Nani ameandika hii?"

Nikasimama. "Ni mimi, Mama. Ilikuwa ya kujaribu tu."

"Ulikuwa unamjaribu nani?"

Kabla nijibu, simu yangu ikatetemeka. Thiago. Nikaisoma nikitumaini ni msaada. Alikuwa anauliza Mama Nashipae ni nani, kwa sababu jukwaa letu limejaa watu wa nchi nyingi wakiuliza kama seva zao zimevamiwa na wezi wa mtandao. Kumbe yale maneno niliyaweka kwa ukurasa wa lugha zote, si wa Kiswahili peke yake.

"Ni nini tena?" Mama akaniuliza.

Nikamweleza yote. Siwezi kumdanganya mtu ameshika maikrofoni.

"Kwa hivyo Brazil wananijua."

"Ndio, Mama."

"Na wanajua naongea sana."

"Hawaelewi Kiswahili, Mama."

"Umewaeleza?"

"Bado."

"Basi usiwaeleze."

Akaniketisha kwa meza ya mbele, karibu na kuku wa maonyesho, nirekebishe kila mtu akiona. Dakika ishirini. Nimekosea neno la siri mara mbili, jogoo ananiangalia kama mkaguzi. Nikafuta yale maneno, nikaomba wenzangu msamaha, tukatoa toleo lingine, nikaliweka hapo hapo. Safari hii wakafungua safu kwa safu. Mayai yakaonekana.

Ndipo yule mnunuzi akasimama. Nikajua anaenda zake, na ni mimi nimemfukuza. Akasema anataka mkataba na huyu mama, maana mtu anayeongea hivi hatakosa kumwambia mayai yakichelewa. Ukumbi ukapiga makofi. Mama Nashipae akamshukuru kwa dakika arobaini.

Sasa niko nyumbani. Programu huria ina kumbukumbu ya kila badiliko, iko wazi kwa dunia nzima, na ya leo inasomeka: "Nafula amemwondoa Mama Nashipae." Haifutiki. Nimejaribu.

Toleo jipya liko tayari. Sasisheni seva zenu kwanza, mcheke baadaye.